Mbu aliyezoea mtungi wetu: ukame wa miaka 5,000 iliyopita na homa za leo



Ndugu msomaji, kabla ya kusomea utabibu nilisoma madrasa, na kazi niliyoikumbuka zaidi kuliko zote ni zamu ya pipa. Pale chuoni kwetu palikuwa na pipa la bati la maji ya udhu. Kila mwanafunzi alikuwa na siku yake ya kulijaza. Pipa halikuwa na mfuniko, na sikumbuki hata mara moja kuona mtu akilisugua. Maji yakiisha, tulijaza mengine, basi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tabibu, aliletwa kwangu maalim wa madrasa moja ya mtaani. Ulikuwa wakati wa mgao mkali wa maji. Maalim alikuwa na homa kali, kichwa kikimuuma hasa nyuma ya macho, na viungo vyote vikimlalamikia. Tayari alikuwa ameshanunua dawa ya malaria dukani, pamoja na vidonge vya diklofenaki kwa ajili ya maumivu. Tulimpima malaria, hakuonekana na vimelea. Nikamwambia apumzike, anywe maji kwa wingi na arudi hali ikibadilika. Siku ya nne homa ikashuka, naye akashukuru na kutaka kurudi darasani. Siku hiyo hiyo fizi zikaanza kutoka damu na tumbo likambana. Alilazwa, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu alipona. Lakini kosa langu nalijua: nilimwambia arudi hali ikibadilika, bila ya kumwambia kwamba kwa ugonjwa huu hatari huanza pale homa inaposhuka.

Maalim alikuwa na homa ya dengi, ile ambayo kwa Kiswahili huitwa kidingapopo. Baada ya siku chache wanafunzi wake watatu nao wakaja na dalili zile zile. Nikaenda kuitazama ile madrasa. Nikakuta pipa, karibu sawa na lile la utotoni kwangu, halina mfuniko. Ndani yake viluwiluwi walikuwa wakipinda na kujinyoosha. Na kwenye ukuta wa pipa, juu kidogo ya maji, palikuwa na vidoa vyeusi mfano wa masizi. Yale yalikuwa mayai ya mbu.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Alisema: "Ustadhi, nje kuna madimbwi na mitaro tele. Kwa nini mbu huyu amekuja kutaga kwenye maji yetu safi?" Jibu lake ni refu. Linaanzia kwenye jangwa la Sahara, wakati ambapo Sahara haikuwa jangwa.

MBU WA MWITUNI

Tumzungumzie kwanza mbu mwenyewe. Huyu si Anofelesi, yule wa malaria anayeuma usiku. Huyu ni Aedes aegypti, mbu mweusi au wa kahawia mwenye madoa meupe miguuni na mwilini. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kuzama. Ndiye anayeeneza dengi, chikungunya, homa ya manjano na Zika.

Asili yake ni mwituni. Wataalamu waliochunguza vinasaba, yaani ile chapa ya urithi iliyomo ndani ya kila chembe ya mwili wa kiumbe, wanaona kwamba ukoo wake ulitoka visiwa vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, upande wa Madagaska na Mauritius. Kisha ukaingia bara la Afrika katika muda usiozidi miaka 85,000 iliyopita. Katika misitu ya Afrika mbu huyu aliishi, na hadi leo wapo wanaoishi hivyo. Hutaga kwenye mashimo ya miti yaliyojaa maji ya mvua, na hufyonza damu ya wanyama wa aina mbalimbali. Binadamu si chaguo lake la kwanza.

Jambo moja la mbu huyu tulikumbuke, kwa sababu tutalirudia. Jike hatagi katikati ya maji. Hubandika mayai yake kwenye ukuta wa shimo, juu kidogo ya maji. Shimo likikauka, mayai hayafi. Hukaa makavu miezi sita au hata zaidi, yakisubiri. Mvua ikinyesha na maji yakapanda hadi kuyafikia, huanguliwa.

SAHARA ILIPOKUWA KIJANI

Sasa twende Sahara. Kuanzia kama miaka 15,000 iliyopita hadi miaka 5,000 hivi iliyopita, sehemu kubwa ya jangwa lile ilikuwa mbuga yenye nyasi, mito na maziwa. Ziwa Chad, ambalo leo limebaki kidogo, lilikuwa na ukubwa wa karibu sawa na Bahari ya Kaspi ya leo. Katika miamba ya Tassili n'Ajjer, kusini mwa Algeria, ipo hadi sasa michoro ya watu wa kale inayoonyesha ng'ombe, twiga na viboko mahali ambapo leo ni mchanga na mawe.

Sababu yake ilikuwa mzunguko wa ardhi yenyewe. Mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia inayozunguka, na duara moja la kuyumba huko huchukua zaidi ya miaka 20,000. Wakati ule jua la kiangazi liliipiga Afrika ya kaskazini kwa nguvu zaidi kuliko leo. Nchi kavu ikapata joto, na pepo zenye mvua zikavutwa kutoka baharini hadi ndani kabisa ya bara. Sisi watu wa pwani tunaozijua pepo za kusi na kaskazi hatuoni ugumu kuelewa jambo hilo: upepo ukibadilika, mvua nayo hubadilika.

Kisha mwelekeo ukageuka. Jua la kiangazi likapungua nguvu, mvua zikarudi kusini, maziwa yakakauka na mbuga ikawa jangwa. Ukingoni mwa jangwa hilo upande wa kusini ukabaki ukanda tunaouita Sahel, unaopita Senegal, Mali, Burkina Faso, Niger na Chad. Huko mvua hunyesha miezi michache tu, na miezi mingine yote hakuna tone.

Hebu tujiulize: mbu wa mashimo ya miti alifanya nini katika nchi kama hiyo? Mashimo yalikauka. Mayai yake yalistahimili kwa muda, lakini kiangazi kilikuwa kirefu mno. Pahali pamoja tu ndipo maji yalipopatikana mwaka mzima: nyumbani kwa binadamu. Watu walipokosa mito ya karibu walilazimika kuteka maji mbali na kuyahifadhi majumbani kwenye mitungi. Na mtungi, ukiutazama kwa macho ya mbu, ni shimo la mti. Ni mweusi ndani, una kivuli, na una maji yaliyotulia. Pembeni yake analala mtu mwenye damu.

KILICHOTOKEA KWENYE VINASABA

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii, nami naomba utulivu wa msomaji.

Ukame haukumfundisha mbu mmoja mmoja kumpenda binadamu. Mbu haendi madrasa. Lililotokea ni mfano wa kazi ya mfugaji wa mbuzi. Mfugaji akitaka mbuzi wakubwa, haagizi mbuzi wakue. Bali kila mwaka huwabakisha wakubwa wazae na wadogo huwachinja. Baada ya vizazi kadhaa kundi lote linakuwa la mbuzi wakubwa. Katika Sahel mchaguaji alikuwa kiangazi. Miongoni mwa mbu wale walikuwapo wachache ambao kwa maumbile yao walivutwa kidogo na harufu ya mtu na hawakuogopa kuingia ndani. Hao walipata maji na damu, wakazaa. Wenzao waliosubiri porini walikwisha. Na mbu huzaa vizazi vingi ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo jambo ambalo kwa mbuzi lingechukua zama, kwake yeye linakwenda haraka.

Wataalamu wamelijuaje hilo? Kwa njia mbili.

Kwanza, kwa kuwauliza mbu wenyewe. Timu ya Noah Rose na Lindy McBride wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, pamoja na wenzao wa Afrika, ilikusanya mayai ya mbu huyu kutoka sehemu 27 za Afrika, zikiwemo za Senegal, Ghana, Gabon, Uganda na Kenya. Mbu waliozaliwa kwa mayai hayo walipewa chaguo. Upande mmoja palitoka harufu ya mtu, na upande wa pili harufu ya mnyama, kama vile simbilisi, yule mnyama mdogo wa kufugwa anayefanana na sungura mwenye masikio mafupi. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Mbu kutoka sehemu nyingi walikwenda kwa mnyama. Lakini wale wa Sahel ya Senegal, kutoka Thiès na Ngoye, walimkimbilia mtu. Timu ilipolinganisha tabia hizo na hali ya kila mahali ikaona mambo mawili: penye watu wengi waliosongamana mbu hupenda watu zaidi, na penye kiangazi kikali na kirefu hupenda watu zaidi kuliko hata hapo. Ukali wa kiangazi ndio uliokuwa na uzito mkubwa.

Pili, kwa kusoma vinasaba. Kizazi baada ya kizazi tofauti ndogondogo hujikusanya katika vinasaba vya makundi mawili yaliyotengana, kama vile matamshi yanavyoachana baina ya vijiji viwili visivyotembeleana. Anayejua mwendo wa mabadiliko hayo anaweza kukadiria makundi yalitengana lini. Ila anahitaji alama moja ya kuanzia anayoijua tarehe yake, kama mtu anayerekebisha saa kwa adhana. Wachunguzi hawa waliipata alama hiyo katika jambo la kusikitisha, nalo ni biashara ya watumwa ya Atlantiki, ambayo meli zake zilimvusha mbu huyu kutoka Afrika ya Magharibi hadi Marekani ndani ya mapipa ya maji. Kwa kutumia alama hiyo, utafiti wao wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba mbu mpenda watu alijitenga na ndugu zake wa msituni kiasi cha miaka 5,000 iliyopita. Wakati huo ndio ule ule ambapo Sahara ya kijani ilikuwa inakauka.

Msomaji asidhani kwamba mwituni hakuna tena mbu wa asili. Wapo. Kilichotokea ni kwamba ukoo mmoja umekuwa kama koo mbili: mmoja wa msitu, mmoja wa nyumba.

KUTOKA SAHEL HADI RABAI

Ukoo wa nyumba ndio ulioenea duniani. Ulivuka Atlantiki, na homa ya manjano ikafuata. Mwaka 1647 iliwaka Barbados, na mwaka 1648 ikawaka Yucatán, Meksiko. Baadaye, katika karne ya 19, baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, mbu huyu alizidi kusambaa Asia na hadi Australia. Kisha akarudi Afrika kwa mlango wa pwani yetu.

Huko Rabai, karibu na Mombasa, wachunguzi kwa miaka mingi waliwaona mbu wa aina mbili wakiishi jirani. Wa kahawia walitaga kwenye mitungi ndani ya nyumba, na weusi walitaga msituni hatua chache kutoka hapo. Vinasaba vilionyesha kwamba wale wa kahawia ni jamaa wa mbu wa Asia na Marekani, yaani ni wahamiaji waliorejea.

Mwaka 2014 Bi. McBride na wenzake walieleza kipi kilichowatenganisha Rabai. Mbu hunusa kwa papasi zake. Wale wa kahawia wana jeni moja, iliyopewa jina Or4, inayofanya kazi kwa nguvu zaidi kuliko ya weusi, tena ya aina inayohisi upesi zaidi kitu kiitwacho sulkatoni. Sulkatoni ni harufu inayotoka kwenye ngozi ya binadamu kwa wingi kuliko kwa wanyama wengi. Or4 si jeni pekee inayohusika, lakini ni ushahidi wa wazi: ukame wa kale umeacha alama katika pua ya mbu anayetuuma leo.

Na tabia hiyo haijakwisha kubadilika. Katika miji ya Afrika inayokua haraka, kama Ouagadougou ya Burkina Faso, vinasaba vya ukoo wa nyumba vimeonekana kuongezeka katika miongo michache iliyopita. Wachunguzi hao walikadiria kwamba hadi kufikia mwaka 2050 msongamano wa miji yetu ndio utakaowasukuma mbu wa Afrika kuzidi kumpenda binadamu, hata kuliko mabadiliko ya tabianchi. Kwa maneno mengine, kazi iliyofanywa zamani na jangwa sasa inafanywa na mitaa iliyobanana isiyo na maji ya bomba.

PENYE UHABA WA MAJI NDIPO PENYE HOMA

Tumezoea kusema kwamba mbu huja na mvua. Ni kweli kwa mbu wa malaria, na hata Aedes huongezeka mvua zinapojaza makopo na matairi. Lakini Aedes wa nyumbani ana msimu wa pili, nao ni msimu wa shida ya maji.

Tazama historia yetu wenyewe. Mwaka 1952 ugonjwa mpya ulizuka katika nyanda za juu za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Sehemu ile inajulikana kwa uhaba wa maji. Watu waliyateka mbali na kuyaweka majumbani. Ugonjwa ule uliwapinda watu kwa maumivu ya viungo, na ndipo ulipopata jina lake kwa Kimakonde: chikungunya. Jina hilo sasa linatamkwa duniani kote.

Tena mwaka 2004, Lamu. Pwani ya Kenya ilikuwa imepata ukame na joto lisilo la kawaida. Watu walihifadhi maji majumbani, na hawakuweza kuyabadilisha mara kwa mara kwa kuwa yalikuwa adimu. Chikungunya ikaingia. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu watatu katika kila wanne wa mji ule waliambukizwa, yaani kama watu 13,500. Ugonjwa ukaenda Mombasa mwaka ule ule, kisha mwaka 2005 Komoro, halafu Réunion, ambako kiasi cha thuluthi ya wakazi waliugua. Kutoka huko Bahari ya Hindi yote ikapata habari yake, na India ilihesabu zaidi ya wagonjwa milioni moja mwaka 2006. Huko Réunion kazi ya kueneza ilifanywa na binamu wa mbu wetu, lakini chanzo cha moto kilikuwa mitungi ya pwani katika mwaka wa ukame.

Dengi nayo imeshabisha hodi mara nyingi. Zanzibar ilipata milipuko ya homa ya viungo mwaka 1823 na 1870, na daktari James Christie aliyeishi huko aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo. Wengi wanaona neno dengi limetokana na jina hilo, ingawa baadhi ya wataalamu wanaona ugonjwa wenyewe ulikuwa chikungunya. Katika zama zetu Dar es Salaam iliugua dengi mwaka 2014, na mwaka 2019 Tanzania ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 6,000, wengi wao wa jiji hilo. Mwaka 2024 dunia nzima iliripoti wagonjwa zaidi ya milioni 14.

TUFANYE NINI MAJUMBANI

Ndugu msomaji, ukimjua adui yako alikotoka utajua pa kumpiga. Mbu huyu aliponea kiangazi cha Sahel kwa sababu ya mtungi ulio wazi. Tukimnyima mtungi, tumemrudisha jangwani.

Kwanza, tufunike. Katika hadithi iliyopokewa na Jabir bin Abdillah (r.a.), ambayo Bukhari na Muslim wameitoa, Mtume (s.a.w.) ameamrisha vyombo vifunikwe na viriba vifungwe midomo wakati wa kulala. Aliyeishi na amri hiyo ana nusu ya kinga tayari. Ila mfuniko uwe wa kubana. Sinia lililowekwa juu ya jaba likaacha upenyo wa kidole, mbu anapita. Kama huna mfuniko, kitambaa kisicho na matundu kilichofungwa kwa kamba au mpira kinatosha. Simtanki nazo zikaguliwe: mfuniko uliopasuka juu ya paa ni nyumba ya mbu ambayo hakuna anayeiona.

Pili, tusugue. Hili ndilo walilolisahau wanafunzi wa yule maalim, na sisi kabla yao. Kumwaga maji na kujaza mengine hakuondoi mayai, kwa sababu mayai yamebanduka hapana, yamenata ukutani. Ukijaza tena, umeyapa mvua yaliyokuwa yakiisubiri. Chukua brashi ngumu au dodoki na sabuni, sugua ukuta wa ndani wote, hasa pale maji yanapoishia, kisha suuza. Fanya hivyo mara moja kila wiki, maana kutoka yai kuanguliwa hadi mbu kuruka ni kama siku 7 hadi 10. Ijumaa, wakati wa kujitayarisha kwa sala, ni siku nyepesi kuikumbuka.

Najua kuna mama atakayesema: "Dumu moja nimelinunua, nawe waniambia nimwage?" Hapana, usimwage bure. Chuja maji kwa kitambaa safi kizito, yahamishie kwenye ndoo yenye mfuniko, kisha sugua chombo. Yale ya chini yaliyobaki na taka mwagia mti au choo. Usiyamwage kwenye mtaro wenye maji, viluwiluwi wataendelea.

Tatu, tuangalie vyombo vya umma: mapipa ya udhu ya misikiti na madrasa, makopo ya chooni, na mitungi ya maji ya kunywa. Afadhali pipa lenye bomba chini na mfuniko juu, ili pasiwe na haja ya kuchota kwa kata. Mahali penye birika la zege, wazee wetu wa Lamu walikuwa na dawa yao: walifuga samaki wadogo ndani ya birika wale viluwiluwi. Ni elimu ya kale ambayo bado inafaa. Uongozi wa msikiti umpe mtu mmoja jukumu hili kwa jina, kwani kazi ya wote huwa haina mwenyewe.

Nne, tuondoe vyombo visivyo na kazi: vifuu, makopo, matairi, sahani za chini ya vyungu vya maua na chupa zilizokatwa. Michirizi ya paa isafishwe isishike maji. Mbu huyu kwa kawaida haruki mbali, kwa hiyo anayekuuma mchana aghalabu amezaliwa kwako au kwa jirani yako. Kusafisha kwako ni haki ya jirani, na kusafisha kwake ni haki yako.

Chandarua tusikiache, kwa sababu malaria ipo. Lakini tujue hakimzuii mbu wa mchana, isipokuwa kwa watoto wachanga na wagonjwa wanaolala mchana. Mgonjwa wa dengi mwenyewe alale ndani ya chandarua hata mchana katika siku za homa, ili mbu wasichukue virusi kwake na kuwapelekea watu wa nyumba.

UKIWA NA MGONJWA NYUMBANI

Homa yoyote ipimwe malaria kwanza. Usinywe dawa ya malaria kwa kukisia. Kipimo kikiwa hakionyeshi malaria na homa ni kali, kichwa kinauma nyuma ya macho, viungo na misuli vinauma, au vipele vimetoka, mwambie mtabibu wako kwamba unahofia dengi.

Kwa maumivu na homa tumia parasetamoli kwa kipimo ulichoelekezwa. Usitumie aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki mpaka dengi iondolewe shaka, kwa sababu dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu. Mpe mgonjwa vinywaji kwa wingi: maji ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, madafu, uji mwepesi, supu.

Na hili ndilo ambalo sikumwambia maalim. Homa ikishuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, mchunge mgonjwa kwa saa 48 kuliko ulivyomchunga alipokuwa na joto. Ukiona maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi, puani au katika haja, kuhema haraka, kuzubaa au kuhangaika, au mikono na miguu kuwa baridi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje asubuhi. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye kisukari au shinikizo la damu waende mapema zaidi.

Maalim yule bado anafundisha. Nilipopita hivi karibuni nilikuta pipa jipya lenye bomba na mfuniko, na ubaoni, chini ya zamu ya kufagia, pameandikwa zamu nyingine: kusugua pipa. Mwanafunzi yule aliyeniuliza swali ndiye aliyekuwa na brashi siku hiyo. Nilimweleza habari ya Sahara na kiangazi. Akafikiri kidogo, akasema: "Kumbe sisi ndio tuliomkaribisha, Ustadhi." Nikamwambia naam, kwa mtungi wazi. Basi na tumtoe kwa kuufunika.

Mwenyezi Mungu atupe afya na atujaalie kuyatumia tuliyojifunza. Wabillahi tawfiq.